Sakafu Isiyokanyagwa

Kwa miezi minane nilikula chakula changu kwenye jiko la nje, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, wakati sebuleni kwangu kulikuwa na viti sita, meza, na sakafu ya mninga iliyong'aa kiasi kwamba kuku akichungulia mlangoni alijiona. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa naitunza sakafu.

Naishi Kanazi, wilayani Ngara, katika nyumba niliyoijenga nikiwa bado mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Nilistaafu, mke wangu akaugua, nikamzika nyuma ya migomba. Watoto wetu ni wawili. Binti ameolewa Biharamulo, kijana yuko Dodoma, na wote wawili hunipigia simu siku ya Jumapili baada ya misa. Siku sita zinazobaki ni zangu mwenyewe.

Wazo la sakafu ya mbao halikuwa langu, lilikuwa la marehemu. Saruji yetu ilikuwa imepasuka vipande vipande, na miezi ya kiangazi baridi ya milima hii ilipanda kutoka chini ikamwingia magotini. Alipokuwa msichana aliwahi kufanya usafi katika nyumba moja ya mapadre iliyokuwa na sakafu ya mbao, na hakuisahau. Basi akaanza kununua mbao za mninga zilizoletwa sokoni kutoka upande wa Biharamulo, ubao mmoja leo, mbili mwezi ujao, kwa hela ya mayai na maharage. Alizipanga stoo. Nilikuwa namtania nikimuuliza kama anajenga safina, na kama mimi nimo katika orodha ya wanyama. Alicheka, akasema nimo, lakini upande wa punda.

Siku za soko mimi nilikuwa darasani. Nikirudi jioni nakuta ubao mpya umeegemezwa ukutani. Nikiuliza umefikaje, aliniambia, "Si umefika?" Nami nikadhani ni pikipiki, nikanawa mikono, nikala. Mtu aliyeshiba hana habari na waliokwenda kutafuta kuni.

Ilimchukua miaka sita. Hakuiona sakafu yake. Wiki chache baada ya mazishi niliingia stoo kutafuta jembe, nikazikuta mbao zote zimepangwa juu ya matofali ili mchwa wasizifikie, kila ubao umetenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili upepo upite katikati, na vichwa vya mbao vimepakwa rangi ya zamani visipasuke. Sijui nani alimfundisha. Nilikaa juu ya rundo lile nikalia kwa sauti. Kaburini sikulia hivyo, kwa sababu kaburini kulikuwa na watu.

Nikaamua sakafu itandikwe.

Nilimpata fundi kutoka Biharamulo, mtu mzima, mfupi, wa maneno machache. Siku ya kwanza hakushika nyundo. Alizihamishia mbao zote sebuleni, akazipanga upya na vijiti vyake, akafungua madirisha, akasema, "Tutaonana baada ya wiki mbili." Nilidhani ananikimbia. Akanieleza kuwa mbao ziizoee nyumba kwanza. Ukizipiga misumari kabla hazijazoea hewa ya mahali, zitajikunja au zitaachana, na hapo hutamlaumu mti. Wiki mbili hizo nilizunguka rundo la mbao nikienda chumbani kwangu, na nakiri nilizisalimia asubuhi.

Aliporudi alikuwa amebeba keekee ya kutobolea mbao, patasi, msasa wa kila aina na gundi. Mbao tulizipeleka kwenye mashine ya randa mjini, zikarudi laini, upande mmoja wa kila ubao umechongwa ulimi na upande wa pili mfereji, ili ulimi wa huu uingie katika mfereji wa ule. Alisawazisha saruji, akatandaza nailoni nzito nyeusi kuzuia unyevu wa ardhi, akapanga papi, vipande vyembamba vya kupigilia mbao, alizozipaka dawa ya mchwa, ndipo akaanza kutandika kutoka ukuta wa nyuma kuja mlangoni. Mninga ni mgumu. Kila msumari ulitanguliwa na tundu la keekee, ukapigwa kwa kulala kwenye ulimi, na ubao uliofuata ukaufunika. Sakafu nzima huoni kichwa cha msumari. Kando ya kuta aliacha nafasi ya unene wa kidole, akasema mbao hupumua, masika zinatanuka. Nafasi hiyo aliifunika mwishoni kwa ubao mwembamba kuzunguka chumba chote.

Tuligombana mara moja tu. Kulikuwa na ubao mmoja wenye jicho kubwa jeusi karibu na kichwa chake, lile fundo linalobaki pale tawi lilipoota. Fundi alitaka kulikata lile jicho alitupe, maana ubao wenye jicho hupasuka upesi. Nilimwambia ubao wa mke wangu haukatwi. Alinitazama, akaujaza gundi ule ufa mdogo wa jicho, akautandika pembeni kulia kwa mlango, ambako watu hawapiti sana. Mwenyewe nilishangaa kidogo kwa nini mke wangu, mtu aliyechambua maharage punje kwa punje, alinunua ubao wenye kasoro.

Siku zile za kazi nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Nyumba ilikuwa na sauti. Asubuhi ilikuwa nyundo, mchana keekee, jioni tulikula ugali na fundi huku vumbi jekundu la mninga likiwa limetukalia kwenye nyusi. Alipopaka vanishi ya tatu na kufunga mkoba wake, nilimbembeleza abaki siku moja zaidi akague milango. Milango haikuwa na tatizo lolote.

Kabla ya kuondoka alinipa masharti. Alisema sakafu ya mbao ina maadui wawili, maji na mchanga. Maji yakimwagika, futa hapo hapo kwa kitambaa kikavu. Usideki kwa ndoo kama unavyodeki saruji. Weka gunia mlangoni watu wafute miguu, kwa sababu mchanga chini ya kiatu ni msasa usio na fundi. Miguu ya viti ivalishe vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kitu kizito kinyanyuliwe, kisiburutwe. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na mtu wa hesabu akipewa kanuni hulala usingizi mzuri. Niliziandika kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya mlango.

Sasa lazima nimlete jirani yangu wa ng'ambo ya njia, kwa sababu bila yeye hakuna habari.

Ni mjane wa umri wa mke wangu, na walikuwa marafiki tangu tulipohamia hapa. Mimi aliniita shemeji. Kiswahili chake kina r pale penye l, kama wengi wetu tuliokulia Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, na kwa ualimu wangu wote sikuthubutu kumsahihisha. Wakati wa msiba ndiye aliyepanda mlimani kukata nyasi za kutandika chini kwa ajili ya waombolezaji. Huku kwetu nyumba haipokei jambo kubwa ikiwa tupu chini. Krismasi nyasi mbichi, mtoto akizaliwa nyasi mbichi, msibani nyasi, na msafiri wa heshima akirudi akute harufu ya nyasi. Siku hizi wengi wanatandika kapeti za plastiki, lakini yeye ni wa zamani.

Mwezi mmoja baada ya fundi kuondoka, binti yangu aliniita Biharamulo nikapimwe macho. Funguo nilimwachia jirani, kama tulivyofanya siku zote, alishe kuku. Nilimwambia nitarudi Jumatano. Nikarudi Ijumaa mchana, kwa sababu mjukuu alining'ang'ania na mimi sikupinga sana.

Nilimkuta mlangoni kwangu na kopo la maji mkononi, anatabasamu. Ndani, kutoka ukutani hadi ukutani, sakafu yangu ilikuwa imefunikwa na nyasi mbichi. Alikuwa amezikata Jumatano alfajiri zikiwa na umande, akazitandika, na nilipochelewa akawa anazinyunyizia maji asubuhi na jioni zisinyauke kabla mwenye nyumba hajafika. Siku tatu! Niliinama nikazifunua, nikaona vanishi imekuwa nyeupe kama maziwa, na chini yake madoa meusi yameanza kuingia.

Hasira hasara, wanasema, na mimi nimewaandikia watoto methali hiyo ubaoni mara nyingi. Nilizikumbatia nyasi zile nikazitupa nje, mzigo baada ya mzigo, zikampitia yeye miguuni. Akasema, "Shemeji, nimekosea nini?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Nani amekwambia hapa ni zizi?"

Aliweka kopo chini taratibu. Akatoa funguo kwenye pindo la kanga, akaziweka juu ya kizingiti badala ya kunipa mkononi.

"Pore na safari, Mwarimu," akasema, akavuka njia kwenda kwake.

Hakuwahi kuniita Mwalimu tangu nimjue. Nilisikia, ila sikutaka kusikia. Niliingia ndani nikaendelea kufuta.

Fundi alirudi, akapiga msasa, akapaka vanishi upya. Madoa yalitoka karibu yote. Nilimsimulia nikitegemea anihurumie, lakini alifuta tu jasho na kusema, "Mti ukishakatwa umeshakufa, Mwalimu. Haufi tena." Nilimwona hana utu. Alipoondoka nikaongeza kanuni zangu mwenyewe chini ya zile zake. Viatu nje. Beseni la maji mlangoni kwa kuosha miguu. Kisha nikagundua miguu iliyooshwa ni miguu yenye maji, nikaongeza taulo. Kisha nikagundua taulo hulowa, nikaongeza la pili. Watoto wadogo wakae barazani. Chai isinywewe ndani.

Jumuiya yetu ya kanisa husali kila wiki nyumba kwa nyumba, na zamu yangu ikafika. Walikuja watu kama ishirini. Walipanga foleni kwenye beseni, wakiinua gauni na suruali, na mzee mmoja mwenye kidonda kilichofungwa bendeji alikaa kwenye jiwe la nje akisema yeye atasikilizia hapo. Walioingia walikaa pembezoni mwa viti, miguu wameikunja chini, kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Wimbo uliimbwa kwa sauti ya chini. Mama mmoja alipofungua mkoba ampe mtoto wake maji, niliruka. Wote wakaona. Jirani yangu hakuwepo. Alituma salamu kuwa ana mafua.

Zamu iliyofuata ilipofika, mwenyekiti wa jumuiya, mama mpole sana, alitangaza nyumba ya kabla yangu, kisha ya baada yangu. Nilimuuliza kama amenisahau. "Hapana, Mwalimu," alisema, "tumekuonea huruma na sakafu yako." Hakukuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya hapo watu walinisalimia wakiwa njiani. Watoto waliopita kwenda shule walisema shikamoo kwa mbali, nami niliitikia marahaba kwa mbali. Mtu akiwa na shida alinipigia simu, hata kama nilikuwa namwona shambani kwake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Wageni waliacha kuja, na mimi sikupona. Kijana wangu aliniomba nimtumie picha ya sakafu, akajibu kwa simu kuwa inapendeza kama ya hoteli. Kweli, hoteli isiyo na mgeni.

Nami mwenyewe nilianza kuiogopa. Nikivuka sebule nilivuka kwa soksi, nikipita kandokando. Sahani yenye mchuzi niliona hatari, nikahamia jiko la nje. Jioni nilikaa kwenye ndoo yangu, nikiangalia moshi wa jiko la jirani ng'ambo ya njia, nikijua kabisa anapika nini, na nikijua kwamba zamani bakuli moja lingevuka. Nilikuwa mpweke. Neno hilo naliandika hivyo hivyo kwa sababu wakati ule sikuweza kulitamka, nilisema tu kwamba nyumba imetulia.

Mara mbili nilivuka njia kwenda kumwomba msamaha. Mara ya kwanza alikuwa na wageni, nikasingizia natafuta kuku. Mara ya pili alikuwa peke yake, anamenya ndizi. Alinikaribisha kiti, akanipa ndizi za kuchoma, akaniuliza habari za binti na mjukuu, na kila sentensi aliitia Mwarimu mwishoni. Nilikula, nikashukuru, nikarudi nyumbani na msamaha wangu mdomoni.

Mwaka wa pili wa kifo cha mke wangu ukakaribia. Nilitaka sala ya kumwombea, nyumbani kwake, si kwingine. Nilimfuata mwenyekiti. Alisema watakuja bila shaka, tena hawatanisumbua. Sikumwelewa.

Nilijua kitu kimoja tu cha kufanya. Asubuhi ya siku yenyewe nilichukua mundu nikapanda mlimani. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu. Nilikata zile nyasi nyembamba, laini, mpaka kiuno kikagoma, nikazifunga mizigo miwili nikashuka nazo kichwani, maji yakinichuruzika shingoni. Mzigo wa pili ulinishinda katikati ya mteremko, nikaukalia kupumzika, nikacheka peke yangu. Nilizitandika sebuleni zikiwa mbichi na umande na mvua yake, juu ya vanishi tatu na vanishi ya marudio. Nikaondoa beseni na taulo zote mbili. Karatasi ya kanuni nikaichana, alama za gundi zikabaki mlangoni. Nikafungua mlango wazi kabisa, nikavua viatu vyangu vilivyojaa tope, nikangoja.

Walikuja. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, na jirani yangu alikuwa miongoni mwao, nyuma kabisa, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Wakafika uani, wakasimama. Wengine walijibana chini ya ukingo wa bati, wengine chini ya migomba, na mwenyekiti akafungua kitabu chake cha sala pale pale, kwenye mvua.

"Karibuni ndani," nikasema.

"Hapa panatosha, Mwalimu," mwenyekiti akajibu. "Hatukai sana."

"Karibuni, tafadhali. Nimetandika."

"Tusikuharibie, Mwalimu. Mungu anasikia hata nje."

Wakaanza wimbo. Niliwahi kuona mambo ya kuhuzunisha, lakini sijaona kama lile: watu waliompenda mke wangu wanamwombea chini ya matone ya bati, wakiukwepa mlango wake ulio wazi. Na aliyewafundisha kuukwepa ni mimi. Nilisimama kizingitini na viatu mkononi, nisijue kama niingie au nitoke.

Ubeti wa pili ulikuwa haujaisha jirani yangu aliposogea mbele. Hakuwa anakuja kwangu. Alikuwa anachungulia ndani kupitia ubavuni mwangu, amekunja uso, kama mtu anayemwona mwenzake anapika wali bila kifuniko.

"Nani ameraza nyasi hizi?" akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Alishindwa kujizuia. Alinisukuma kwa kiwiko, akaingia na viatu vyake vya plastiki vyenye tope hadi kwenye kisigino, akapiga magoti katikati ya sebule. "Shemeji, nyasi haziwekwi hivi! Umezitupa kama unaraza ng'ombe. Mashina yote yako juu, watu wachomwe makario?" Akaanza kuzizoa mikono miwili miwili na kuzipanga upya kutoka ukuta wa nyuma, mashina yakifichwa chini ya vichwa vya fungu linalofuata, vichwa vikielekea mlangoni. Ndivyo fundi alivyopanga mbao, ulimi ndani ya mfereji, kutoka ukuta ule ule. Miaka yote nimekaa juu ya nyasi zake sikuwahi kuona kwamba ni kazi yenye ufundi.

"Nisamehe," nilimwambia mgongo wake. "Nilikosa sana siku ile."

"Niretee hizo za mrangoni," akasema.

Nikamletea. Wimbo nje ulikuwa umekatika, watu wakitutazama kupitia mlangoni. Alifika pembeni kulia kwa mlango, akasukuma nyasi kwa kiganja, na mbao zikaonekana. Akasimamisha mkono. Akapitisha kidole kwenye lile jicho jeusi, akalizunguka.

"Huu niriubeba mimi," akasema.

Sikuelewa. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto ambaye hajasikia swali.

"Mbao zote hizi tumebeba sisi wawiri, kutoka sokoni. Yeye wake, mimi wangu, kichwani. Huu muuzaji aritupa bure sababu ya jicho rake, nikasema nitaubeba, usipotee. Urinitoa jasho mrima mzima. Turipumzika mara tatu." Alisugua ubao kwa pindo la kanga, japo haukuwa na kitu. "Mwenzangu arisema siku zikitandikwa, tutakaa chini hapa na kunyoosha miguu, magoti yaache kuuma. Mimi nikasema, na mwarimu je? Akasema mwarimu ana viti."

Miezi minane nilikuwa nimezikinga mbao hizi na miguu ya mtu aliyezibeba kichwani. Machozi yalinitoka mbele ya jumuiya nzima, na safari hii sikujali kwamba kulikuwa na watu.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuingia, kisha mzee wa kidonda, kisha wengine, na watoto wakapenya katikati ya miguu ya wakubwa. Waliingia na viatu vyao, na mvua yao, na tope jekundu la Kanazi. Chini ya nyasi nilisikia sakafu ikilia kidogo kwa uzito, mara ya kwanza tangu ilipotandikwa. Wakakaa chini, viti vyangu sita vikabaki vitupu ukutani.

Jirani yangu alikaa juu ya ubao wake wenye jicho, akaegemeza mgongo, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake na kushusha pumzi. Kisha, wimbo ulipoanza tena, akajisogeza kidogo kuelekea pembeni, akazisawazisha nyasi za ubavuni mwake kwa kiganja, kama anayempisha mtu akae. Pale hapakuwa na mtu. Hakuna aliyekwenda kupakalia, nami sikuthubutu. Nilibaki mlangoni, peku, viatu vyangu bado viko mkononi.